Mashine ya kwanza ya kukereza kwa anayeunda fimbo za kuvulia: pima tundu kwanza, mota baadaye

Anayetaka kuanza kuunda fimbo zake za kuvulia akiingia dukani, swali lake la kwanza huwa mota ina wati ngapi. Wati zisubiri. Kinachoamua kama mashine itakufaa ni vitu viwili: upana wa tundu linalopita katikati ya spindo (shafti kuu inayozunguka kichwani mwa mashine), na mwendo wa chini kabisa ambao mashine inaweza kuzunguka bila kukwama. Mashine ya wati 750 yenye tundu la milimita 10 haimsaidii mtu anayeunda fimbo ya kurushia popa, chambo bandia cha juu ya maji, kwa kolekole. Mota ya cherehani ya wati 100 kwenye spindo pana inamsaidia.

Kazi zenyewe ni tatu na hazifanani. Kuna kukereza mpini, wa koki (gome la vizibo vya chupa) au wa EVA (sponji ya plastiki), na hapo unataka mizunguko 1,000 hadi 2,000 kwa dakika. Kuna kufunga uzi juu ya miguu ya pete zinazopitisha mshipi: mashine ianzie sifuri, ipande taratibu chini ya mguu wako hadi kama 200, na isimame pale pale unapoinua mguu. Halafu kuna kuzungusha fimbo wakati epoksi iliyopakwa juu ya uzi inakauka, mizunguko 6 hadi 20 kwa dakika, saa kadhaa mfululizo. Wauzaji hupenda kusema mashine yao inafanya zote tatu. Mbili za kwanza, sawa. Ya tatu tutaiweka kando, na sababu yake ni umeme wetu.

Tundu lina kazi gani? Mpini ukikerezwa peke yake juu ya chuma chembamba kisha ukavishwa kwenye ufito (bomba la fimbo lenyewe, kabla ya kufungwa vifaa), tundu halihitajiki, na hata drili iliyofungwa vizuri mezani inatosha. Lakini mpini unaotoshea vizuri hasa ni ule uliogundishwa kwenye ufito kwanza, ukakerezwa ukiwa pale pale, kwa sababu mpini na ufito vinakuwa na mhimili mmoja. Hapo lazima ufito upite ndani ya kichwa cha mashine na utokee nyuma. Ni hivyo hivyo unaporekebisha fimbo ya zamani bila kuvua kila kitu.

Basi chukua kalipa upime kitako cha fito unazotarajia kuzifanyia kazi. Ufito wa kujigi (kupandisha na kushusha chambo kizito chini ya boti) mara nyingi ni milimita 12 hadi 14. Wa kurushia popa ni 15 hadi 20. Fimbo nzito za kuvuta chambo nyuma ya boti, zile za jodari na sulisuli, nyingi huishia kwenye kitako cha alminiamu kinachochomoka, kwa hiyo unachopitisha ni ufito wa juu tu. Ongeza milimita 2 za tepu ya karatasi na nafasi kidogo ya kurekebisha katikati. Tundu la milimita 25 ndilo la chini la kukubali. La 30 au zaidi likipatikana, usiliache.

Sasa twende kwenye mashine zenyewe.

Mashine ndogo za mbao, zile za kuweka mezani, zina nafasi ya takriban milimita 400 kati ya kichwa na mkia. Kichwani zina koni ya Morse namba 2, na tundu linalopenya hadi nyuma huwa milimita 10 au chini ya hapo. Nyingi haziteremki chini ya mizunguko 250 kwa dakika, na baadhi zinaanzia 500. Kwa mipini ya kukereza pembeni, yaani nje ya ufito, ni nzuri sana, imara na haitetemeki. Kwa uzi hazifai kabisa, maana ukikosea mzunguko mmoja kwenye 250 tayari uzi umepandana mara nne kabla hujafika kwenye swichi.

Mashine ndogo za chuma za Kichina, zile zinazoitwa za 7 kwa 14 (inchi 7 za kipenyo cha kazi, 14 za urefu), zina uzito wa kama kilo 40 na tundu la milimita 20. Mwendo unarekebishwa kwa kitufe cha kuzungusha, hadi 2,500. Za ukubwa unaofuata, za milimita 210 kwa 400, baadhi huja na tundu la 38, na hizo ndizo zinazostahili kuangaliwa na mtu mwenye fedha. Faida yake kubwa ni kwamba zitakukerezea pia vipande vya alminiamu vya kupambia kikalio cha rili. Hasara ni kitanda kifupi: ufito wa mita 2.1 utaning'inia pande zote mbili, na utalazimika kujenga nguzo za kuushikilia nje ya mashine. Tena hazina pedeli ya mguu, na mikono yako yote miwili ina kazi wakati wa kufunga uzi.

Kuna mashine maalumu za fimbo: kitanda kirefu cha vipande vya alminiamu, chaki (kibanio cha kushika ufito) pana yenye mipira, pedeli, kishikio cha uzi na nguzo zenye vigurudumu. Kama bajeti inaruhusu na una subira ya kusafirisha, hakuna cha kubishana. Angalia jambo moja tu kabla ya kulipa: umeme. Zinazotengenezwa kwa soko la Marekani huja na mota ya volti 110 hadi 120, herzi 60. Ukiichomeka kwenye volti 230 za hapa, mota ya brashi inaungua ndani ya sekunde chache. Utahitaji transfoma ya kushusha, yenye wati angalau mara moja na nusu ya za mota. Na mota ndogo ya kukaushia inayokuja na seti hiyo hufuata herzi, si volti tu: iliyoandikwa mizunguko 18 kwa dakika itazunguka 15 kwenye herzi zetu 50. Hiyo haidhuru kazi, ila usidhani ni mbovu. Transfoma haibadilishi herzi.

Njia ya nne ndiyo tunayompendekezea mtu wa Dar anayeanza, hasa kama hajui bado ataunda fimbo tatu au thelathini: itengenezwe hapa hapa. Mtaa wa Gerezani wapo wakereza vyuma wanaochonga shafti kila siku, na mtaa wa Keko wapo wanaokereza miguu ya vitanda na meza. Unachohitaji ni kuwapelekea vipimo, si maelezo.

Spindo ni bomba jeusi la chuma la inchi moja na robo, daraja la kati. Kipenyo chake cha nje ni milimita 42.4 na unene wa ukuta takriban 3.2, kwa hiyo ndani kunabaki kama 36. Kata sentimita 25. Mkereza akwangue sehemu mbili za kukalia beringi zishuke hadi milimita 40, maana beringi namba 6208 ina tundu la 40, kipenyo cha nje 80 na upana 18. Ukuta unabaki milimita 2 hapo, unatosha kabisa kwa mzigo huu. Mwambie mambo mawili. Kwanza, akwangue pande zote mbili bila kulifungua bomba kwenye chaki, la sivyo beringi hazitakuwa kwenye mstari mmoja. Pili, aondoe mshono wa kulehemu ulio ndani ya bomba kwa tupa ndefu, kwa sababu ukingo huo utakwaruza kila ufito utakaopita. Usichukue bomba la mabati. Halihitajiki hapa, na moshi wa zinki ukilehemu una madhara.

Kwenye duka la beringi utapewa chaguo. Zenye kifuniko cha mpira, 2RS, huzuia vumbi vizuri lakini zina ukinzani, na mota ya cherehani inausikia. Chukua ZZ, zenye kifuniko cha chuma. Kuna pia nyumba za beringi zilizo tayari, UCP208, ambazo unazifunga kwa bolti tu bila kukereza chochote zaidi. Ni rahisi kufunga na zinajilinganisha zenyewe, ila mihuri yake ni mizito zaidi. Ukichagua hizo, sahau mota ya wati 100 na tafuta ya 180 au zaidi.

Puli mbili za mbao ngumu, mkongo au mninga, zikerezwe Keko na kugundishwa kwenye spindo: moja ya kipenyo cha milimita 60, nyingine 150. Mota ya cherehani bila mzigo huenda mizunguko 6,000 hivi kwa dakika. Puli yake ikiwa ya milimita 20, mkanda ukiwa kwenye ile ya 60 unapata kama 2,000 za kukereza. Ukiuhamishia kwenye ya 150 unapata 800, na pedeli inakupa udhibiti mzuri kuanzia chini. Bila puli kubwa, pedeli ya cherehani inakuwa kama swichi: ama imelala au inarukaruka. Hili ndilo kosa la kawaida kwenye mashine za kujitengenezea, watu wanalaumu pedeli wakati tatizo ni uwiano wa puli. Na pedeli ikikandamizwa nusu kwa muda mrefu hupata joto. Ikianza kunuka, pumzika.

Kitanda ni skwea paipu ya milimita 50 kwa 50. Huuzwa kwa urefu wa mita 6, hivyo unapata vipande viwili vya mita 2.4 na kinabaki cha kutengenezea nguzo. Kabla ya kununua, vuta uzi kutoka ncha hadi ncha uchungulie: ikiacha pengo la zaidi ya milimita 3 katikati, chagua nyingine. Nguzo za kushikilia ufito ziwe nne, kila moja na vigurudumu viwili vidogo vya mpira au plastiki laini, ziteleze juu ya kitanda na kukazwa kwa nati ya masikio. Nafasi kati yake isizidi sentimita 60.

Chaki ndiyo sehemu ambayo fito nyingi hufia. Ufito wa kaboni ni bomba jembamba. Nyuzi zake nyingi zimelala kwa urefu, kwa hiyo una nguvu ukipinda na dhaifu ukibanwa. Taya za chuma zikikazwa moja kwa moja juu yake, unapasuka kwa ndani bila sauti, na ufa huo utauona siku samaki anapovuta. Kwa kufunga uzi, tengeneza chaki ya plastiki. Chukua soketi nene ya bomba la maji inayoingia kwa kubana kwenye mdomo wa spindo, ikilegea zungushia tepu. Kata ukanda wa karatasi unaozunguka soketi mara moja kamili, ukunje uwe na sehemu tatu sawa, uufungue, uurudishe juu ya soketi na utie alama kwenye mikunjo miwili na pale ncha zinapokutana. Hizo ndizo nafasi zako tatu zinazolingana. Toboa kwa biti ya milimita 4.2, kata hesi (meno ya skrubu) ya M5, ingiza bolti tatu za sentimita 4, na ncha za ndani zivishe vipande vya mpira wa bomba la petroli. Unakaza kwa vidole tu, bolti moja baada ya nyingine, huku ukizungusha kwa mkono na kutazama kama ufito unayumba. Chaki hii isipite mizunguko 300. Vichwa vya bolti vinavyochomoza vikikugonga vidole kwenye 2,000 utavikumbuka.

Na ufito mzima usizungushwe kwa kasi hata kama chaki ni nzuri. Hakuna ufito ulionyooka kabisa. Ncha inayotokeza bila nguzo ikifika mizunguko mia kadhaa huanza kuchapa, na ikishaanza, inavunjika kabla hujafika kwenye swichi. Ukikereza mpini juu ya ufito, chaki isiwe hii ya bolti, upande mrefu uwe na nguzo zote, vigurudumu vikiwa vimeushika pia kwa juu, na ufanye kazi kwa 600 hadi 800. Itachukua muda zaidi. Sawa tu.

Kwa mipini ya pembeni, tumia chuma cha M6 chenye hesi mwanzo hadi mwisho, nati na washa pana kila upande. Pete za koki za kawaida zina kipenyo cha milimita 32, unene 12.7 na tundu la robo inchi, yaani 6.35, kwa hiyo mpini wa inchi 10 unakula pete 20 kamili. Paka chuma nta ya mshumaa kwanza ili gundi isikishike. Kaza nati mpaka gundi itoe shanga ndogo kwenye kila kiungo, basi. Ukizidisha unaikamua yote nje na viungo vinabaki vikavu. Siku ya pili anza na msasa wa 80, kisha 120, 220, umalizie 400. Ukanda wa msasa ushike kwa ncha mbili upite juu ya mpini, ukihama kushoto na kulia bila kusimama. Ukisimama sehemu moja unachimba mfereji.

EVA ina tabia zake. Ni nyenzo ile ile ya kandambili nyingi, na wapo wanaokata mipini kutoka kwenye mikeka ya EVA ya mazoezi, ila hiyo ni laini mno na inanyonya mafuta ya samaki. EVA inapenda kasi kubwa na mkono mwepesi. Ukibonyeza, inapata joto, uso unang'aa na kuwa mgumu, na msasa hauli tena. Ikitokea hivyo rudi kwenye msasa wa 80 uondoe ile ngozi, halafu uendelee kwa mkono mwepesi. Usijaribu kutumia patasi. EVA haikatiki kwa patasi, inanyofoka.

Sasa kukausha. Epoksi ya fimbo inataka kuzungushwa saa 4 hadi 6 kabla ya kuachwa, na kukauka kabisa ni saa 24 au zaidi. Umeme ukikatika nusu saa baada ya kupaka, epoksi yote inateremkia upande mmoja wa pete na kugandia huko, na dawa yake ni kukata na kuanza upya. Si TANESCO peke yao. LUKU nayo huisha saa nane usiku. Kwa hiyo mota ya kukaushia isitegemee ukuta. Tafuta mota ndogo ya volti 12 yenye giaboksi, mizunguko 6 hadi 10 kwa dakika, inayokula kama ampea 0.15. Betri ya pikipiki ya volti 12, ampea-saa 7, iliyounganishwa na chaja yake, itaizungusha saa nane kwa ampea-saa 1.2 tu, mbali na nusu ya betri. Mota ya waipa ya gari ni ya mwisho kufikiriwa: inaenda kasi mno na inakula umeme mwingi. Mota ya sahani ya maikrowevu inafaa pia, mizunguko 5 au 6 kwa dakika kwa volti 230, na isikushangaze ikianza kuzunguka kinyume, ndivyo ilivyo. Inunue ikiwa imeshatolewa kwa fundi. Usifungue maikrowevu mwenyewe, kapasita yake inaua hata ikiwa imechomolewa.

Joto la hapa linafupisha muda wa kupaka. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa takriban nusu, hivyo maelekezo yaliyoandikwa kwa nyuzi 20 huyafuati neno kwa neno ukiwa Temeke mwezi wa pili. Pima kwa sirinji mbili tofauti, changanya dakika tatu hadi tano, kisha mimina yote juu ya karatasi ya foili: ikitandazwa haijipashi joto yenyewe, na unapata dakika kadhaa za ziada. Wakati wa masika unyevu unaweza kuacha utando wa mafuta juu ya epoksi. Funga madirisha, zima feni, na funika fimbo inayozunguka kwa boksi refu la karatasi.

Ukinunua mashine iliyotumika, nenda na chuma kilichonyooka cha sentimita 30 na penseli. Funga chuma, sogeza ncha ya penseli karibu yake, zungusha kwa mkono utazame pengo. Likibadilika hadi nusu milimita, kwa uzi si kitu. Kwa kukereza alminiamu ni nyingi. Kamata chaki uisukume juu na chini: ikicheza, beringi zimekwisha. Kisha washa, teremsha mwendo hadi chini kabisa, na gusa spindo kwa kipande cha mbao. Ikisimama kwa mguso mdogo, kidhibiti chake hakina nguvu chini na hutafurahia kufunga uzi. Ikiwa imekaa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, pitisha kucha kwenye kitanda utafute mashimo ya kutu. Kutu ya juu inafutika, mashimo hayafutiki.

Mwisho kuna vumbi la kaboni. Linapitisha umeme, kwa hiyo likiingia kwenye mota au swichi linaleta shoti. Ukisugua ufito wenyewe, tumia msasa wa maji, kitambaa chenye unyevu chini yake, mota ikiwa imefunikwa, na barakoa usoni. Glavu vua, mtandio na mikono mirefu ya shati ifunge kabisa. Spindo haichagui inachokamata.